Kabla hujauza maksai ununue almasi, jua cheti kinasema nini

MSIMU wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa mkoani Simiyu, kwa kawaida kuanzia mwezi Mei, fedha huonekana. Mitaa ya Bariadi hupata pikipiki mpya, maduka ya mabati hufunguliwa alfajiri na minada ya ng'ombe huchangamka. Ni wakati huo huo ambapo watu wenye maneno matamu hufika vijijini wakiwa na vijiwe vidogo vilivyofungwa kwenye vipande vya karatasi.

Miaka michache iliyopita, mwezi Julai, baba yangu mdogo anayelima pamba wilayani Itilima alinipigia simu.

"Mwanangu, wewe si umesomea uchumi? Njoo haraka, kuna kitu nataka ukione kabla sijamaliza malipo," aliniambia.

Nilipofika alinionyesha jiwe jeupe linalopitisha mwanga, dogo kuliko punje ya harage. Alikuwa ameshatoa fedha za maksai mmoja kama kianzio. Maksai wa pili, mwenzake wa kuvuta plau, alikuwa auzwe mnadani wiki hiyo ili kukamilisha bei.

"Baba mdogo, umejuaje kwamba hii ni almasi?" nilimuuliza.

"Imekata kioo mbele ya macho yangu. Na ina cheti, mwanangu. Cheti cha kimataifa," alijibu, akafungua begi na kutoa karatasi yenye mhuri na neno moja lililoandikwa kwa herufi kubwa: Kimberley.

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipojua kwamba fedha za maksai wa kwanza zimekwenda. Sikuwa na kipimo chochote mkononi, wala mimi si mtaalamu wa vito. Ilinitosha kuisoma ile karatasi. Makala hii inaeleza kwa nini, na inaeleza mambo ambayo kila mtu anayefikiria kununua almasi, iwe ghafi au iliyokwisha tiwa kwenye pete ya ndoa, anapaswa kuyajua kabla ya kutoa shilingi yake.

Almasi ni jirani yetu

Si ajabu kwamba hadithi za almasi huingia kirahisi Simiyu. Kabla ya mkoa huu kuanzishwa mwaka 2012, wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, na Shinyanga ndiyo nyumbani kwa almasi ya Tanzania. Mtu anayetoka Bariadi kupitia Maswa hutokea kwenye barabara kuu ya Mwanza na Shinyanga pale Mwigumbi, wilayani Kishapu. Mji wa Maganzo na mgodi wa Mwadui haviko mbali na hapo.

Mwadui iligunduliwa mwaka 1940 na mwanajiolojia kutoka Kanada, Dk. John Williamson. Mwamba wake wenye almasi una ukubwa wa hekta 146 na ni miongoni mwa ile mikubwa zaidi iliyowahi kuchimbwa duniani. Pembezoni mwake, wachimbaji wadogo wamekuwa wakichekecha mchanga na kokoto kwa miaka mingi. Wapo pia wale wanaoitwa wabeshi, ambao huingia maeneo ya mgodi bila ruhusa.

Kwa hiyo mtu akifika kijijini na kusema jiwe lake limetoka Maganzo, anasema jambo linalowezekana. Na tapeli hupenda sana jambo linalowezekana.

Pamba ilishatufundisha madaraja

Mkulima wa Simiyu hahitaji kufundishwa upya maana ya daraja la ubora. Anaijua tangu utotoni. Pamba safi huwekwa kando na pamba fifi, na bei zake hazilingani. Karani kwenye kituo cha ununuzi hutazama rangi, uchafu na unyevu, kisha huweka mzigo kwenye mzani. Pamba ikishachambuliwa kiwandani, nyuzi nazo hupimwa urefu, unene na uimara kabla ya kwenda soko la dunia.

Mkulima huyo anajua pia jinsi watu wanavyodanganyana. Kuna anayemwagia pamba maji au kuweka mchanga ili izidi uzito, na kuna mnunuzi mwenye mzani uliochezewa. Anajua kwamba stakabadhi ya chama cha msingi inaonyesha kilo na bei, lakini haiwezi kuigeuza pamba fifi kuwa safi.

Almasi haitofautiani na hilo. Ina madaraja, ina mzani na ina karatasi. Tofauti ni kwamba kosa la daraja moja kwenye kilo ya pamba hugharimu shilingi chache, ilhali kosa la daraja moja kwenye jiwe dogo laweza kugharimu zizi zima.

Mambo manne yanayopimwa

Almasi iliyokatwa na kung'arishwa hupimwa kwa mambo manne: uzito, rangi, usafi na mkato. Mfumo unaotumika zaidi duniani uliandaliwa na taasisi ya vito ya Marekani, GIA, iliyoanzishwa mwaka 1931. Madaraja yake ya rangi na usafi yalianza kutumika katika miaka ya 1950.

La kwanza ni uzito, unaopimwa kwa karati. Karati moja ni sawa na gramu 0.2, maana yake gramu moja ina karati tano. Punje kavu ya mahindi kwa kawaida huzidi karati moja, hivyo mzani wa dukani wa kupimia sukari hauna kazi hapa. Karati nayo hugawanywa mara 100, na cheti kizuri huandika uzito mpaka tarakimu ya pili baada ya nukta, kwa mfano 0.53 au 1.02.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba bei ya kila karati hupanda kadiri jiwe linavyokuwa kubwa. Tuseme, kwa mfano tu, jiwe la nusu karati linauzwa shilingi milioni 1. Jiwe la karati moja lenye ubora ule ule halitauzwa milioni 2 bali zaidi ya hapo, kwa sababu mawe makubwa ni adimu. Hivyo mtu anayekuuzia mawe madogo kumi kwa bei ya jiwe moja kubwa lenye uzito sawa na yote hayo anakuibia, hata kama mzani wake ni wa haki.

La pili ni rangi. Kwa almasi za kawaida, ubora hupanda kadiri jiwe linavyokosa rangi. Madaraja huanzia herufi D, ambayo ni jiwe lisilo na rangi kabisa, hadi Z, ambalo lina unjano au ukahawia unaoonekana wazi. D hadi F huhesabiwa kuwa hazina rangi, na G hadi J karibu hazina. Macho ya kawaida hayawezi kutofautisha E na F. Mtaalamu hufanya hivyo kwa kulinganisha jiwe na mawe ya mfano chini ya mwanga maalumu. Lakini mfanyabiashara anatofautisha bei, nawe ndiye unayelipa.

La tatu ni usafi, yaani kiasi cha dosari ndani na juu ya jiwe zinapotazamwa kwa lenzi inayokuza mara 10. Yapo madaraja 11. La juu kabisa huandikwa FL, yaani halina dosari ndani wala nje, likifuatiwa na IF. Kisha huja VVS1 na VVS2, VS1 na VS2, SI1 na SI2, na mwisho I1, I2 na I3 ambazo dosari zake huweza kuonekana bila lenzi. Kwa mtu anayenunua pete ya kuvaa, jiwe la VS au la SI lililochaguliwa vizuri litaonekana safi kidoleni kama lile la FL, kwa bei ndogo zaidi.

La nne ni mkato. Hii ni kazi ya mikono ya binadamu, na ndiyo inayofanya jiwe limetemete. Almasi iliyokatwa kwa vipimo sahihi hurudisha mwanga kwenye jicho. Iliyokatwa vibaya huuacha upotelee chini au pembeni, hata kama rangi na usafi wake ni wa juu. Fundi mwenye tamaa ya uzito huweza kuacha jiwe nene tumboni ili lipime zaidi. Mnunuzi hulipia karati ambazo hazionekani, kama anayelipia maji ndani ya pamba.

Almasi ghafi ni hesabu nyingine

Hayo manne ni ya jiwe lililokwisha katwa. Jiwe ghafi, lile ambalo mtu wa kijijini hukutana nalo, hupimwa kwa ukubwa, umbo, rangi na ubora, huku mthamini akijiuliza swali moja kubwa: likikatwa, litabaki kiasi gani na la daraja gani?

Historia ya Mwadui ina mfano mzuri. Mwaka 1947 ilipatikana huko almasi ya waridi yenye karati 54.5, ambayo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa. Ilipokatwa London ilibaki karati 23.6. Zaidi ya nusu ya uzito iliondoka, na hilo lilikuwa jiwe bora mikononi mwa mafundi bora. Mtu anayenunua jiwe ghafi kwa kuangalia uzito peke yake amenunua vumbi pamoja na almasi.

Mfano wa pili ni wa karibuni. Mwaka 2017 serikali ilizuia Dar es Salaam shehena ya almasi za Mwadui yenye karati 71,654.45 iliyokuwa ikisafirishwa kwenda Ubelgiji. Serikali ilidai kuwa thamani iliyoandikwa ilikuwa dola milioni 14.8 za Marekani wakati thamani halisi ilikuwa dola milioni 29.5. Kampuni iliyokuwa ikiendesha mgodi ilikana kufanya udanganyifu, ikieleza kuwa uthaminishaji hufanywa na chombo cha serikali yenyewe.

Sina nia ya kuamua hapa nani alikuwa sahihi. Nataka msomaji atazame hesabu. Ukigawanya kwa karati, mawe yale yale yalikuwa takriban dola 207 kwa karati kwenye karatasi moja na takriban dola 412 kwenye nyingine. Ikiwa pande zenye wathamini, mashine na mizani ya kisasa zinaweza kutofautiana mara mbili, sembuse mimi na wewe tuliosimama chini ya mti wa ukwaju na jiwe kiganjani?

Na ukitaka kuona umbali kati ya daraja na daraja, tazama Hong Kong. Oktoba 2022 almasi ya waridi ya karati 11.15 iliyopewa jina la Williamson Pink Star iliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's kwa dola milioni 57.7. Hiyo ni zaidi ya dola milioni 5 kwa karati moja. Neno "almasi", kama lilivyo, halikuambii chochote kuhusu bei.

Karatasi tatu, maswali matatu

Sasa turudi kwenye begi la baba mdogo. Katika biashara ya almasi kuna karatasi za aina tatu ambazo watu huzichanganya, na kila moja hujibu swali lake.

Karatasi ya kwanza ni cheti cha Kimberley. Swali lake ni: je, jiwe hili ghafi limetoka mahali halali? Mfumo huu ulianza kazi mwaka 2003 baada ya dunia kushtushwa na almasi zilizokuwa zikigharamia vita katika nchi kama Angola na Sierra Leone. Tanzania ni mwanachama. Cheti hutolewa na serikali ya nchi inayosafirisha na huambatana na shehena iliyofungwa kwa lakiri. Huandikwa nchi yalikotoka mawe, msafirishaji, mpokeaji, jumla ya karati na thamani ya shehena.

Zingatia mambo mawili. Kwanza, cheti cha Kimberley hakipimi usafi wala rangi ya jiwe. Pili, hutolewa almasi ghafi inapovuka mpaka wa nchi. Jiwe lililochimbwa Kishapu na kuuzwa Itilima halijavuka mpaka wowote. Kwa hiyo mtu anayekuonyesha cheti cha Kimberley cha jiwe moja kijijini, tena kivuli kilichotolewa kwenye mashine ya fotokopi, amekuletea ushahidi wa utapeli wake mwenyewe. Ndivyo nilivyojua siku ile.

Karatasi ya pili ni ripoti ya madaraja kutoka maabara ya vito. Swali lake ni: jiwe hili lililokatwa ni la aina gani na ubora gani? Maabara zinazofahamika ni pamoja na GIA ya Marekani na IGI iliyoanzia Antwerp, Ubelgiji. Ripoti huonyesha uzito, vipimo kwa milimita, rangi, usafi na mkato, na husema kama jiwe ni la asili au limetengenezwa, na kama limefanyiwa kazi ya kuboresha mwonekano. Ripoti hii haitaji bei. GIA haithamini mawe kwa fedha, na inasisitiza kuwa ripoti yake ni maelezo ya jiwe lilivyokutwa siku lilipopimwa.

Ubora wa maabara nao hutofautiana. Maabara moja inaweza kuwa na mkono mwepesi na kuandika G pale ambapo nyingine ingeandika I. Muuzaji anapokuambia bei yake ni nafuu kuliko jiwe la jirani lenye daraja lile lile, uliza kwanza kama ripoti zote mbili zimetoka maabara moja.

Karatasi ya tatu ni hati ya tathmini ya bei. Swali lake ni: jiwe hili lina thamani gani kwa fedha? Hapa kuna mtego. Tathmini inayotolewa na duka lile lile linalokuuzia, au ya kukatia bima, huweza kuwa juu sana kuliko fedha utakayopata ukiuza. Tathmini yenye maana ni ya mtu asiye na faida katika mauzo hayo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ni kweli, lakini daftari lenyewe nalo lisomwe.

Namba ya cheti ilingane na jiwe

Ripoti halisi inaweza kuwekwa kando ya jiwe la bandia. Ndiyo maana maabara kubwa huandika namba ya ripoti kwa miale ya leza kwenye ukingo wa jiwe, maandishi madogo yanayosomeka kwa lenzi. Namba hiyo huweza kuhakikiwa kwenye tovuti ya maabara, kazi ambayo leo inafanyika kwa simu ya mkononi ukiwa umekaa Somanda.

Hata hivyo namba peke yake haitoshi. GIA imewahi kutahadharisha kuhusu mawe ya maabara yaliyochorwa namba za ripoti za almasi asilia. Kwa hiyo mwombe sonara apime uzito na kipenyo mbele yako, kisha linganisha na ripoti. Jiwe la mviringo la karati moja lililokatwa vizuri huwa na kipenyo cha takriban milimita 6.5. Namba zikipishana, acha biashara hiyo.

Kuna pia suala la almasi za maabara. Hizi si kioo. Ni almasi kweli kwa kemikali na ugumu, isipokuwa zimekuzwa kiwandani. Teknolojia hiyo ilianza miaka ya 1950 na sasa imepanuka kiasi kwamba bei zake zimeshuka sana na ziko mbali chini ya zile za asili. Mwaka 2025 GIA iliacha kuzipa madaraja ya rangi na usafi kama ya asilia, ikaanza kuziweka katika makundi mawili tu. Si kosa kununua jiwe la maabara kwa ajili ya pete, mradi umelipa bei yake na umeambiwa ukweli.

Majaribio yanayodanganya

Baba mdogo aliamini kwa sababu jiwe lilikata kioo. Lakini jiwe jeupe la kawaida, lile linaloitwa kwatzi na linalopatikana ovyo ardhini, nalo hukata kioo kwa sababu ni gumu kuliko kioo.

Wengine hupiga nyundo wakiamini almasi haivunjiki. Hilo ni kosa baya zaidi. Almasi ni ngumu kukwaruzwa, lakini ikigongwa kwenye mwelekeo wake wa kupasukia hupasuka vipande. Wapo waliovunja mali halali kwa mikono yao.

Kile kifaa kidogo cha kalamu kinachopima jinsi jiwe linavyopitisha joto husaidia kutambua kioo na zirkonia, lakini kinaweza kudanganywa na jiwe la kutengenezwa liitwalo moisanaiti. Uzito kwa ujazo husaidia pia: almasi ni nzito takriban mara 3.5 ya maji, kwatzi mara 2.65, na zirkonia zaidi ya mara 5. Hata hivyo uamuzi wa mwisho ni wa mtaalamu wa vito, na nchini wapo waliosomea, wakiwamo wa Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichoko Arusha.

Sheria inasemaje

Tuseme jiwe la baba mdogo lingekuwa almasi kweli. Bado angekuwa matatani. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 hairuhusu mtu kumiliki au kufanya biashara ya madini ghafi bila kuwa na leseni au idhini. Mkulima anayenunua almasi ghafi nyuma ya nyumba hawezi kwenda polisi akiibiwa, na hawezi kuiuza sokoni bila kuulizwa aliipata wapi. Tapeli anajua hilo, ndiyo maana husisitiza mambo yawe siri.

Njia halali ipo. Tangu mwaka 2019 serikali imefungua masoko ya madini katika mikoa mbalimbali, na Maganzo kuna soko la almasi. Huko mawe hupimwa na kuthaminiwa mbele ya maofisa wa serikali, mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 hulipwa, na nyaraka hubaki. Mkoani Simiyu kuna ofisi ya Afisa Madini Mkazi chini ya Tume ya Madini. Kumuuliza kama fulani ana leseni hakugharimu maksai.

Je, almasi ni akiba?

Kama mchumi wa kilimo, swali hili huulizwa mara nyingi. Mtu amepata fedha za pamba, anaogopa zitaliwa, anataka kitu kidogo chenye thamani kubwa cha kuficha ndani.

Jibu langu ni kwamba akiba nzuri ina sifa tatu: unajua bei yake, unaweza kuiuza siku ya shida, na ikiwezekana inazaa. Ng'ombe wa Simiyu ana zote tatu. Bei yake huijua kila mtu mnadani, huuzwa ndani ya siku moja mtoto akiugua, na huzaa. Maksai hulima ekari zako na za jirani kwa malipo. Hata dhahabu ina bei inayotangazwa kila siku, na gramu moja ya ubora fulani ni sawa na nyingine.

Almasi haina hata moja kati ya hizo kwa mtu asiye na utaalamu. Kila jiwe lina bei yake, mnunuzi wa haraka hapatikani Bariadi, na pete iliyonunuliwa dukani hubeba gharama za sonara, kodi na faida ya duka ambazo hazirudi ukiuza. Nunua almasi kwa ajili ya mapenzi na heshima ya ndoa, kwa fedha usiyoihitaji msimu ujao. Usiinunue kwa fedha ya mbegu.

Kabla hujalipa

Kwa anayenunua pete Mwanza, Dar es Salaam au kupitia ndugu aliyeko Dubai, afanye haya. Adai ripoti ya maabara inayofahamika, si kadi ya duka. Ahakiki namba mtandaoni yeye mwenyewe, si kwa simu ya muuzaji. Aombe uzito na vipimo vipimwe mbele yake. Aulize kwa maandishi kama jiwe ni la asili au la maabara. Achukue risiti ya mashine ya EFD yenye maelezo ya jiwe na masharti ya kurudisha. Na akiambiwa kuwa bei hiyo ni ya leo tu, arudi kesho.

Kwa aliyeletewa jiwe ghafi kijijini, ushauri ni mfupi zaidi: asinunue. Mwenye almasi halali ana soko Maganzo lenye wanunuzi wenye leseni na mizani. Hana sababu ya kuvuka Maswa na Bariadi kumtafuta mkulima wa Itilima.

Baba mdogo hakuuza maksai wa pili. Yule dalali hakuonekana tena, na simu yake haikupatikana tangu jioni ile. Msimu uliofuata alilazimika kuazima maksai wa jirani ili kukamilisha jozi, akalima akiwa amechelewa kwa mvua za kwanza, na mavuno yake yalipungua.

Lile jiwe bado analo. Ameliweka dirishani, pembeni ya stakabadhi zake za pamba, na mgeni akiliulizia humwambia, "Hilo ni maksai wangu. Ukitaka kununua la namna hiyo, njoo kwanza tusome karatasi."